Nilisema Namjua Mwenye Hosteli, na Jumamosi Wanapanda Ndege

Mama Aluoch, pokea salamu za mtu mzima aliyekwama, na baada ya salamu nakuomba uiweke barua hii juu ya zingine zote, maana najua una barua nyingi za wake na waume, lakini hao hata ukiwajibu leo watagombana tena wiki ijayo, wanaweza kungoja, yangu haiwezi kungoja, yangu inapanda ndege Jumamosi mchana.

Mimi ni wa Donholm, na ukiuliza mtaani kwetu nani huitwa bomba la maji likipasuka, nani huitwa landilodi akileta maneno, nani huitwa kwenye harusi wageni wamekaa na msema chochote hajafika, utaambiwa ni mimi. Shule nilifika darasa la saba, na hilo la saba nililikaa mara mbili kwa sababu mwalimu mkuu hakutaka kuniachilia, lakini dunia nimeisoma kwa miguu. Nimekuwa tanboi, msaidizi wa dereva kwenye malori, nimefika Kampala, nimefika Goma, nimefika Juba wakati ambapo Juba ilikuwa haiendwi na mtu mwoga, na hizo lojing za mpakani nimelala zote, za mabati, za mbao, moja hata ilikuwa na nyoka aliyekuwa na kitanda chake na mimi changu na hatukusumbuana. Kwa hivyo usidhani unaandikiwa na mtu ambaye hajatoka kwao.

Lakini Malaysia sijafika. Hapo, nimeandika. Wewe ni mtu wa kwanza kuambiwa.

Kilichotokea ni kwamba kabla ya malori nilikuwa nashusha katoni za mafuta ya kupikia pale Industrial Area, wakati huo nikiishi Mukuru kwa Reuben, na kila katoni ilikuwa imeandikwa ubavuni kwamba imetoka Malaysia, na mtu akibeba jina la nchi mgongoni mchana kutwa, Mama, si analijua? Bandari yao naijua jina, miji yao naijua majina, na siku moja kwenye matanga watu walikuwa wamenyamaza mpaka inauma, nikawatolea hadithi kidogo ya kule, ya vile nilikuwa nimelala hosteli moja ya vitanda vya dabodeka, kimoja juu ya kingine, simbamarara akaingia kutoka msituni, wazungu wote wakapanda juu, mimi nikabaki chini na kandambili yangu mkononi, nikamwambia yule mnyama kwa Kibukusu arudi alikotoka, na akarudi. Watu walicheka mpaka mama mwenye msiba akacheka. Sasa mtu ukishachekesha mama mwenye msiba, hadithi hiyo si yako tena, kila mkutano wanaitaka, na kila mwaka yule simbamarara anaongezeka urefu. Hii ya simbamarara tafadhali usiichape gazetini, maana Donholm yote inaijua, na dada yangu hununua gazeti lenu kila Ijumaa kwa sababu yako, hunisomea barua za watu kwa sauti akikata sukuma wiki ya jioni, akicheka, na hii akiisoma na simbamarara akiwa ndani sitakuwa na pa kujificha.

Huyo dada yangu nitamwita Jacky. Ana binti mmoja, nitamwita Triza, anauza dawa kwenye duka la dawa hapa karibu, msichana ana akili na hana maneno mengi, na huyo Triza ana rafiki yake wa toka shule, nitamwita Iqra, wa mtaa wa Fedha, ambaye baba yake, mzee Abdimajid, anauza nguo za jumla. Hawa wawili wameweka akiba yao polepole kwa sababu wanataka kwenda Kuala Lumpur, na si kazini, si masomoni, ni kuona tu. Dada yangu alipoambiwa alishika kichwa.

"Kuona nini? Huko kuna nini ambacho hakiko hapa?"

"Mum, ni kutembea tu. Watu hutembea."

"Watu gani? Mimi nimetembea wapi? Na mtalala kwa nani?"

"Tutalala hosteli."

"Hosteli ya shule gani?"

Tulicheka, lakini Jacky hakucheka, kwa sababu sisi nyumbani kwetu, Mama, mtoto wa kike halali mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo anayemjua mwenye nyumba. Hata akienda Kitale lazima iulizwe analala kwa nani, na huyo nani ni nani. Na mjomba ndiye anayemfungulia mtoto wa dada yake njia, mjomba akisema sawa ni sawa, akinyamaza hakuna safari. Kwa hivyo Jacky akasema pale pale, "Hiyo hosteli ikiwa haijulikani na mtu wetu, hiyo paspoti nitaiweka chini ya godoro langu."

Triza akatoa simu akaanza kutuonyesha. Alikuwa amepata hosteli yake mwenyewe, kwenye mtandao, ina bweni la wasichana watupu, ina makabati ya kufunga na kufuli, ina kadi ya kufungulia mlango, wageni wengi wameandika maoni yao, huyu amesema maji ya moto yapo, huyu amesema kuna kelele za barabara, na wote wakainama kwenye hiyo simu, Jacky, Triza, Iqra, mpaka jirani mmoja aliyekuja kuomba chumvi, wote wanaangalia kioo kidogo, na mimi mtu wa safari nimekaa hapo na kikombe changu cha chai hakuna hata mmoja ananiuliza, "Anko, unaonaje?" Nikaona huu ni ukosefu wa heshima. Nikasema, "Hiyo achaneni nayo. Hiyo ni ya watalii wasiojua mji."

Triza akainua macho. "Anko, ina maoni mazuri sana."

"Maoni ni maneno tu. Mimi nina mtu."

"Mtu gani?"

"Mwenye hosteli. Rafiki yangu. Tumekula sahani moja."

"Anaitwa nani?"

Mama Aluoch, hapo akili yangu ambayo huwa haikosi kitu ilikosa. Nikasema, "Anaitwa Patrobas."

Triza akaniangalia. "Anko. Mtu wa Malaysia anaitwa Patrobas?"

"Wako wengi. Wamishenari walifika mpaka huko. Wewe unadhani walikuja Bungoma peke yake?"

Iqra alicheka akaziba mdomo na mtandio, lakini Jacky hakucheka, Jacky alikuwa amefurahi, uso wote ulikuwa umefunguka, akasema, "Unaona sasa? Mjomba wako ana mtu, na wewe unahangaika na simu." Na sijui kama unajua vile mtu anajisikia dada yake mkubwa akimwangalia namna hiyo mbele ya watu. Sikuweza kurudi nyuma.

Basi ikabidi Patrobas apatikane. Nikaingia kwenye vikundi vya mtandao vya wasafiri, nikauliza nani ana vyumba Kuala Lumpur vya wasichana wawili, na mtu mmoja akanijibu haraka sana, ndani ya dakika, anajiita Braza Dani, akanitumia picha ya kitanda chenye taulo limekunjwa mfano wa bata, akaniita Uncle, akasema kwake ni salama, ni kama nyumbani, wasichana wa Afrika anawapenda sana. Nikamwambia Triza kwamba Patrobas siku hizi mambo amemwachia kijana wake Dani. Triza hakutaka. Aliniuliza kama hiyo hosteli ina jina, nikamwambia nyumba nzuri hazina majina. Akaniuliza kama iko kwenye ramani, nikamwambia Patrobas hapendi mambo ya ramani. Akamgeukia mama yake, mama yake akasema, "Mjomba amesema." Basi msichana wa watu akaifuta ile hosteli yake ya kadi na makabati, mbele ya macho yangu, akafunga simu akaenda kuosha vyombo.

Halafu mzee Abdimajid akaja. Alitoka Fedha kwa miguu yake, baada ya swala ya alasiri, akaketi kwa Jacky, akakataa soda, akaniuliza mimi peke yangu kama mwanaume kwa mwanaume.

"Ndugu yangu, mimi nina mtu wa ukoo wetu huko Kuala Lumpur. Nilitaka kumpigia awapokee hawa watoto. Lakini binti yangu ananiambia wewe una mwenyeji wako. Huyo mtu unamjua kwa uso?"

"Kwa uso? Mzee, namjua mpaka kikohozi chake!"

Akacheka. Halafu akanipa mkono, akaushika mkono wangu muda mrefu, akasema, "Basi sitamsumbua yule jamaa. Iqra ni binti yako." Akaondoka.

Tangu siku hiyo, Mama, huu mkono nimeuosha na wake haujatoka.

Sasa sikiliza kinachonifanya nikuandikie. Huyu Dani nilimwomba picha zaidi, na nakwambia mimi mtu wa lojing nikiingia chumba siangalii kitanda, naangalia mlango, kwa sababu tanboi anayeangalia kitanda kwanza huamka bila viatu. Akanitumia picha ya chumba imepigwa kutoka koridoni, mlango umefunguliwa kidogo, na nikaivuta ile picha ikawa kubwa nikaona. Komeo liko nje. Si kitasa, si kufuli ya mgeni kufunga akitoka, ni komeo kubwa la chuma la kusukuma, upande wa koridoni, na upande wa ndani wa mlango hakuna kitu, ni mbao tupu. Nimelala Juba, nimelala Goma, nimelala mahali ambapo mwenye lojing mwenyewe alikuwa mwizi, lakini hata huyo mwizi mlango wake ulifungwa kutoka ndani.

Nikamuuliza Dani, ndugu, hili komeo ni la nini? Akasema, "Usijali Uncle, ni kwa usalama wao." Halafu akaniuliza yeye sasa, hawa wasichana wako peke yao, hakuna kaka anakuja nao? Halafu akasema wakifika kule uwanja wa ndege wakiulizwa na maafisa wanalala wapi wasitaje hosteli, waseme wanatembelea rafiki, na yeye mwenyewe atawachukua na gari lake, atakuwa ameshika kibao chenye majina yao. Majina anayo. Ndege anaijua. Picha ya paspoti ya Triza ameshaipata, mimi ndiye niliyemtumia, ya Iqra bado ananiomba kila asubuhi.

Sasa nimekaa na siri hii peke yangu. Dada yangu ameshashona nguo ya kumsindikiza uwanja wa ndege. Jumapili kanisani walimwombea Triza na mimi nikaitwa mbele kama mfungua njia, nikasema maneno mazuri, watu wakapiga makofi. Nimefikiria nishikwe na kifua Ijumaa, nilazwe, safari iahirishwe. Nimefikiria kusema nimeota ndoto mbaya. Nimefikiria kusema Patrobas amefariki, hata nilianza kuwaza matanga yake yangekuwaje, lakini Jacky angesema Dani si yupo. Na kila nikimwona Triza anapiga pasi nguo zake ananiambia, "Anko, Patrobas msalimie," na sijui kama ananicheka au anasema kweli, na natoka nje.

Nipe njia, Mama Aluoch, ambayo hawa wasichana watalala salama na mimi nibaki mjomba. Majina badilisha, na ile ya mnyama futa.

Ni mimi,
Mtu wa Safari, Donholm

*

Mtu wa Safari,

Barua yako nimeitoa kwenye foleni na kuiweka mbele, kama ulivyotaka. Nilikupigia Jumatano kwenye nambari uliyoacha, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga Alhamisi asubuhi, nikapiga mchana, umeizima. Nikakutumia ujumbe, hujausoma. Mwanaume anayeandika "haiwezi kungoja" halafu anazima simu anataka kusaidiwa bila kuguswa. Sina dawa hiyo.

Nikuonee huruma kwanza, kidogo, kwa sababu unastahili kidogo. Umebeba katoni za watu mgongoni ujana wako wote, nchi ya mbali ukaijua kwa maandishi ya ubavuni, na siku ulipochekesha mama aliyefiwa ulifanya jambo jema. Hapo sina ugomvi na wewe. Wajomba wenye hadithi tunao, na nyumba zisizo na mjomba wa hivyo huwa kimya sana. Ugomvi wangu unaanzia kwenye kile kikombe cha chai. Msichana alikuwa amefanya kazi yake vizuri, ameuliza, amesoma, amelinganisha, amepata bweni la wanawake lenye kabati na kufuli, na wewe ukalivunja kwa sababu hakuna aliyekugeukia. Hilo si hadithi ya matangani. Hilo ni kumchukua mtoto wa dada yako na mtoto wa mwenzako ukawaweka nyuma ya mlango unaofungwa kutoka nje.

Umeniomba njia yenye mambo mawili, wao wawe salama na wewe ubaki na sifa yako. Haipo. Kifua chako kikikushika Ijumaa, safari itaahirishwa, na mwezi ujao wataenda kwa Dani yule yule, kwa neno lako lile lile. Ndoto yako ataipuuza, kwa sababu Triza anauza dawa na hafanyi kazi na ndoto. Kuna njia moja tu na ni fupi.

Nenda kwa Triza kwanza, kabla ya mama yake, kwa sababu yeye ndiye atakayelala huko. Mwambie hivi: "Simjui mwenye hosteli ile. Sijafika Malaysia. Nilimpata mtandaoni, nimeona komeo liko nje, msiende kwake." Halafu nyamaza. Usimweleze lojing za Juba, usimweleze ulivyoheshimiwa Goma. Akikasirika, kaa hapo akikasirika. Akinyamaza, kaa hapo vilevile. Mwonyeshe simu yako, mazungumzo yote na huyo Dani, na usifute hata neno, maana hayo mtayapeleka kituo cha polisi leo hii, pamoja na habari kwamba picha ya paspoti yake iko mikononi mwa mtu msiyemjua. Huyo Dani usimgombeze wala usimwambie kwamba mmemshtukia. Usimjibu tu. Picha ya paspoti ya Iqra asiipate kamwe.

Kisha nenda Fedha, kwa miguu, kama yeye alivyokuja kwako. Usimpigie simu mzee Abdimajid, mtu aliyekushika mkono hapigiwi simu. Mwambie mwenyewe, na mwombe ampigie yule jamaa yake wa Kuala Lumpur. Unaelewa ulichofanya hapo? Wale wasichana walikuwa na mtu wa kweli, mwenye jina na uso, na neno lako likamfungia nje. Huyo mtu arudishwe kabla hujala chakula cha mchana. Akiweza kuwapokea uwanjani, vizuri. Asipoweza, awe na nambari zao na wao wawe nazo.

Sasa hosteli. Sisemi wasisafiri. Wasichana wawili walioweka akiba yao waone nchi ya watu, waache waone, na dada yako nitamwambia hivyo hivyo akiniandikia. Triza ajaribu tena ile hosteli yake ya kwanza leo, huenda vitanda bado vipo. Kama vimekwisha, atafute nyingine kwa njia ile ile aliyoijua kabla hujamwingilia, na kwa ajili ya wasomaji wengine wanaosafiri na pesa kidogo nitaisema. Hosteli nzuri ina jina, ina mtaa na nambari, na ukiiweka kwenye ramani unaona kibao chake barabarani. Maoni ya wageni anza na yale mabaya, na yale ya karibuni, na tafuta yaliyoandikwa na wanawake. Mgeni akilalamika kwamba maji ni baridi au godoro ni jembamba, hayo utavumilia. Wakilalamika kwamba mtu wa mapokezi aliingia bwenini bila kubisha, ondoka hapo. Hosteli isiyo na lalamiko hata moja pia iogope, kwa sababu hakuna nyumba ya watu wengi isiyokuwa na mtu wa kukoroma. Piga simu uliyoikuta kwenye tovuti yao wenyewe, si nambari uliyotumiwa na mtu, uliza kama mapokezi yatakuwa wazi ndege yako ikifika. Lipia usiku wa kwanza na wa pili tu, ukipapenda utaongeza, usipopapenda hujafungwa. Pesa usimtumie mtu binafsi, na paspoti huionyeshi mpaka umefika mapokezini na umeona mapokezi yenyewe.

Na mtu yeyote anayekufundisha kuwadanganya maafisa wa uwanja wa ndege kuhusu mahali unapolala anataka asiwepo hata mmoja anayejua ulipo. Hilo wasichana waliandike kichwani. Wakiulizwa, waseme hosteli kwa jina lake na mtaa wake. Wakitoka wakamwona mtu ameshika kibao chenye majina yao na si jamaa ya mzee Abdimajid, wasimsogelee hata kumsalimu, wamtafute askari. Kuna treni ya kuingia mjini, wapande hiyo. Na kila wakifika mahali wawapigie mama zao, si wewe. Wewe utasubiri upigiwe siku watakapotaka.

Jambo moja la mwisho kuhusu wewe, kwa sababu naona unadhani ukisema ukweli hutabaki na kitu. Watu wangapi wangeridhika na ile picha ya bata wa taulo? Ni wewe uliyeuangalia mlango. Uliuona kwa sababu ya malori, kwa sababu ya Juba na Goma, mahali ulipofika kweli. Triza akishamaliza kukukasirikia, na itachukua muda, mwonyeshe jinsi ya kuangalia mlango. Hicho ni chako na hukukisoma kwenye katoni.

Majina nimeyabadilisha yote, hata la mtaa wa jirani. Lakini umeniomba nifute simbamarara, na sikumfuta. Nimemwacha mzima, na kandambili, na Kibukusu chako, makusudi. Umezima simu, ndugu yangu, na mimi sina nambari ya dada yako wala sijui nyumba yake. Huyo mnyama ndiye pekee ninayeweza kumtuma akamfikia kabla ya Jumamosi. Leo ni Ijumaa. Gazeti limeshafika madukani, na unajua mwenyewe nani hulinunua, na unajua sukuma hukatwa saa ngapi. Kama bado umesimama hapo unanisoma, umeshachelewa kidogo. Kimbia umfikie kabla hajaifikia ile aya.